Daftari la Mhazini

Jumatano ya Majivu tulikuwa kumi na saba.
Nilihesabu; ndiyo kazi yangu.
Kasisi Nhonya, mgeni kwetu, alikuja na kisahani,
na Mzee Lechipya akanong'ona, akasikika mpaka mlangoni:
"Haya ya Kirumi yameanza lini?"
Sisi tulizoea zaburi ya toba, magoti sakafuni,
amina, kisha kila mtu na jembe lake.

Lakini tulipanga foleni. Hata yeye.
Yalikuwa majivu ya mabua ya uwele,
maana matawi ya mwaka jana
yaliliwa na mbuzi wa jirani kabla ya Pentekoste.
"Kumbuka ya kuwa u mavumbi."
Damari Mchiwa alitoka palizi moja kwa moja,
paji lake lina udongo tayari.
Kasisi akasita, dole gumba hewani,
akitafuta mahali pasipo na shamba.

Jumapili ya kwanza alihubiri kujinyima.
Kila mtu aache akipendacho, siku arobaini.
Nyama, alisema. Chai yenye sukari.
Tukatazamana.
Vihenge vilikuwa vinatoa mwangwi,
mtama ungali maziwa,
mvua imenyesha Handali, kwetu ikapita kama mwenye haraka,
na majani yamejikunja mithili ya mtu mwenye baridi.
Umoja wa Mama wakaficha midomo kwa khanga.
Damari hakucheka. Aliuliza tu, kwa adabu:
"Na kile kilichotuacha chenyewe, Mchungaji,
nacho kinahesabiwa?"

Kasisi alifungua Kitabu cha Sala, akakifunga.
Juu ya meza kitambaa cha zambarau
(zamani pazia la zahanati)
kilipepea kidogo, kikatulia.

Mnada wa sadaka ukafanyika ubavuni mwa kanisa, penye kivuli:
maboga mawili, mzigo wa kuni,
jogoo wa mwalimu aliyegoma kushikwa,
na yai moja ndani ya leso, la Damari.
Nikalinunua mimi.
Nikaandika: Yai 1, sh. 500/=.
Nikapiga mstari chini kwa rula.

Sasa niseme lisilo daftarini.
Ijumaa ile nilikuwa nimeapa kufunga mpaka jua lizame.
Saa tisa nikalichemsha.
Nikalila kwa chumvi, nimesimama nyuma ya jiko,
nikafukia maganda kwa kisigino
kama mwizi wa mifugo.

Jumapili ya pili ndipo nikasikia
kicheche amepita kwa Damari.
Kuku alikuwa mmoja.
Leso ilikuja ileile, imefungwa fundo lilelile,
ndani yake mlenda mkavu, wa kujaa kiganja.

"Mia! Nani ana mia?"
Kimya. Mlenda kila nyumba unao,
ndicho kitu pekee ambacho kila nyumba inacho.
Dalali alikuwa ameshauweka kando, anamfuata jogoo,
yuleyule jogoo, maana mwalimu alimnunua na kumrudisha,
niliposikia sauti yangu: "Elfu mbili."

Watu wakacheka mpaka watoto wakatoka kutazama.
"Mhazini," alisema Mzee Lechipya, "jua limekuingia?"
Damari yeye alinitazama
kama mtu anayesoma risiti,
taratibu, mpaka chini, kwenye sahihi.
Kisha akakunja leso yake, akaenda zake.

Usiku mke wangu aliupika.
Tulikula na ugali wa uwele, mdogo, wa kuviziana.
Mlenda ulivutika kutoka bakuli hadi mdomoni,
mrefu, haukatiki,
na mimi nilimeza bila kutafuna,
mke wangu akauliza kulikoni, nikasema moto.

Mkaguzi wa dayosisi atakuja kutoka Dodoma baada ya Pasaka.
Ataona elfu mbili kwa kiganja cha majani,
atazungushia kwa kalamu nyekundu.
Nimeshalainisha ukurasa kwa kiwiko.
Tarehe ipo, jina lipo, kiasi kipo.
Penye safu ya maelezo
nimeweka kalamu mara tatu,
na mara tatu nimeiinua.